Ufukwe wa Kunduchi mpaka Bahari Beach unaliwa kila mwaka. Mchawi ni nani?

#1 Mtoto wa Mtongani
Wakuu, salaam.

Nimekulia Kunduchi, hapa Dar. Pale pwani tulikuwa na uwanja wa mpira wa mchanga, goli la upande wa bahari likiwa chini ya mivinje. Leo mivinje hakuna, goli hakuna, na bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) likijaa maji yanagonga ukuta wa jirani. Juzi nimepita na ndugu yangu kutoka mkoani nikamwonyesha pete za kisima cha mzee mmoja. Zimebaki zimesimama wima ufukweni, mchanga wote umeondoka pembeni, maji ya bahari yanaingia na kutoka. Kisima hicho kilikuwa uani, nyuma ya jiko.

Kila ukiuliza unajibiwa "mabadiliko ya tabianchi", maongezi yanaishia hapo. Lakini hapahapa kuna kipande kinaliwa na kingine cha jirani kinanenepa. Bahari ikipanda si inapanda kwa wote? Wajuzi karibuni.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Wenye viwanja vya beach waje walie tuwasikie.

#3 Dada wa Tegeta
Mchawi ni tipa, hakuna cha kutafuta mbali.

Mchanga wa ufukweni sehemu kubwa unashushwa na mito. Masika yakija, mto Tegeta, mto Mbezi na Mlalakuwa inabeba mchanga mpaka baharini, bahari inausambaza. Mito hiyo imekuwa machimbo tangu jiji lilipoanza kutanuka kuja huku. Amka mapema uende mtoni uone vijana na sepetu zao, tipa limerudi kinyumenyume mpaka ndani ya mto, kingo zimekatwa hadi nyumba za watu zinaning'inia. Mchanga wetu uko Goba, Madale na Salasala ndani ya kuta za nyumba. Halafu tunauliza umekwenda wapi.

#4 Tipa Bila Breki
Nilijua tu tutatajwa.

Dada, wewe nyumba yako umejengea unga wa ngano? Mimi nina gari, najua biashara hii. Mchanga mwingi siku hizi unafuatwa mbali, mto Mpiji huko na kwingine, maana mito ya karibu imekaushwa na doria ni nyingi. Na hata siku tukisimama wiki moja bei ya tofali inapanda, mnaanza uzi mwingine wa kulalamika. Kaulizeni wenye mahoteli walijenga nini baharini.

#5 Dada wa Tegeta
"Mito ya karibu imekaushwa." Asante kwa ushahidi, mheshimiwa.

#6 Kiti cha Mbele
😂😂 Kajifunga goli mwenyewe dakika ya kwanza.

#7 Nahodha wa Kusi
Huyo wa tipa kwenye suala la mahoteli ana hoja, msimcheke.

Mchanga wa pwani una safari zake. Kusi likivuma, Aprili mpaka Septemba hivi, mawimbi yanausukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi likiingia, Desemba mpaka Februari, unarudishwa kusini. Ila kusi ndilo lenye nguvu na linakaa sana, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mwaka mzima mchanga unasogea kaskazini.

Sasa miaka ile ya 80 na 90 wenye maeneo wakaanza kupanga kuta za mawe zinazochomoza kutoka nchi kavu kuingia baharini, kila mtu mbele ya eneo lake. Upande wa kusini wa ukuta mchanga unajaa, mwenye ukuta anatanua vitanda vya wageni. Upande wa kaskazini hakifiki kitu, jirani analiwa. Jirani naye anajenga wake, analiwa anayefuata. Mleta uzi ameuliza kwa nini kipande kimoja kinaliwa na kingine kinanenepa. Aende akaangalie ukuta upo upande gani wa kipande hicho.

#8 Mzee Kifimbo
Kwa hiyo ni kama foleni ya bombani. Wa mwanzo akiziba na pipa lake, wa mwisho anakinga hewa.

#9 Mwana wa Wete
Assalaam alaykum. Nyinyi wa Dar mnafikiri bahari ni ya Kunduchi tu.

Pemba kuna mabonde ya mpunga maji ya chumvi yameingia, watu wameacha kulima. Wengine wamejenga matuta ya kuzuia, maji yakapita. Huko hakuna hoteli yenye ukuta wa mawe, na mtoni hakuna tipa. Sasa mchawi wetu sisi nani? Bahari imepanda, mkubali mkatae.

#10 Vipimo Tu
Mwana wa Wete, nikuongezee jambo halafu utanichukia.

Bandarini Unguja kuna kipimo cha usawa wa bahari kinachosoma tangu katikati ya miaka ya 1980. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wastani wake ulikuwa UNASHUKA kidogo. Dunia nzima inapanda, kona yetu hii ya Bahari ya Hindi ilikuwa inashuka, kwa sababu pepo na mikondo ilikuwa inayasogeza maji upande mwingine. Baadaye ndiyo imegeuka ikaanza kupanda na sisi.

Kunduchi ilianza kuliwa lini? Wazee wanasema tangu miaka ya 70 na 80. Yaani ufukwe ulikuwa unakatika wakati maji hayajapanda hapa. Sisemi tabianchi ni uongo. Nasema kwa kesi ile, miaka ile, siyo yenyewe iliyotangulia.

#11 Mwana wa Wete
Kipimo kiko Unguja, bonde liko Pemba. Bibi yangu hana kipimo, ana jaruba la mpunga lisiloota. Uje umsomee takwimu zako, atakupikia.

#12 Vipimo Tu
Akipika pweza wa nazi nakuja kesho.

#13 Mzee Kifimbo
@Vipimo Tu, tangu 1900 bahari za dunia zimepanda kiasi gani?

#14 Vipimo Tu
Sentimita 20 hivi kwa wastani, na kasi ya sasa imezidi milimita 3 kwa mwaka. Utasema ni kidogo ukikumbuka kwamba wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hapa kwetu inakaribia mita 4. Lakini pwani yetu ni bapa, maji yakiongezeka kidogo tu kwenda juu yanaingia mbali. Ndiyo maana hoja ya bonde la Pemba siipingi. Chumvi haihitaji wimbi, inapenya hata chini kwa chini.

#15 Binti wa Dikoni
Nimewasoma wote. Naona mnaongelea viwanja na hoteli. Mimi niseme habari ya diko, pale wavuvi wanapopandisha ngalawa na kushusha samaki.

Mama yangu anakaanga samaki Kunduchi tangu sijazaliwa. Ukitaka kujua pwani inavyoliwa usihesabu mita, fuata majiko. Wamama walikuwa wanakaanga karibu na pale ngalawa zinapopanda. Maji yakasogea, wakasogeza. Yakasogea tena, wakasogea mpaka wamekuta ukuta wa mtu. Sasa hivi bamvua likijaa wanabeba karai la mafuta ya moto juu juu, mmoja kashika huku mwenzake kule, wanasubiri maji yashuke ndiyo wawashe upya. Samaki wa biashara ya jioni analegea kwenye ndoo.

Na kila mkija kwenye suluhisho mnasema ukuta. Ukuta unalinda nyumba iliyo nyuma yake. Mbele ya ukuta wimbi linagonga na kurudi na mchanga, ufukwe unakwisha kabisa. Ngalawa itapandishwa wapi? Kwenye zege? Kuna sehemu wavuvi wanatia nanga mbali, wanaogelea na matenga kichwani. Hao nao ni watu wa pwani.

#16 Dada wa Tegeta
Umenigusa hapo kwenye karai.

#17 Kamba Mwitu
Mnazunguka mbuyu. Mwamba ndio uliokuwa unavunja wimbi kabla halijafika ufukweni, na mwamba tumeuua wenyewe kwa baruti ya kuvulia samaki. Mimi nimezamia Mbudya na Fungu Yasini, visiwa vya hapa mbele ya pwani yetu, kuna sehemu chini ni kifusi kitupu, matumbawe yamesagika kama kokoto za machimbo. Na pale ni hifadhi tangu 1995!

#18 Afisa Mstaafu
Marekebisho kidogo kwa #17. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Mwaka 1995 ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Sasa ongezeni hasira: miaka ishirini zaidi ya mnavyodhani, na baruti ililia humohumo.

Mwaka 2015 watafiti walipita pwani nzima ya Tanzania bara na vinasa sauti vya chini ya maji. Ndani ya mwezi mmoja walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa maji ya karibu na Dar es Salaam. Baadaye kikosi kazi cha idara mbalimbali kilipobana, kelele zilipungua sana.

#19 Tipa Bila Breki
Na chokaa je? Wazee walikuwa wanachoma matumbawe kwenye tanuri wanapata chokaa ya kujengea. Mtwara, Mafia, hata huku. Hakuna aliyewaita wachawi. Mwenye tipa tu ndiye mbaya.

#20 Kamba Mwitu
Tumewaita. Ulikuwa barabarani unakwepa mizani.

#21 Kiti cha Mbele
Mods funga uzi, kuna mtu kafa 😂

#22 Nahodha wa Kusi
Kamba Mwitu, mwamba kuvunja wimbi ni kweli. Ila kifusi cha baruti hakimalizi urefu wa mwamba siku moja, na mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi hata kwenye miamba ambayo haikuwahi kupigwa baruti. Kama mwamba ndio sababu kuu, sehemu zote zilizo nyuma ya visiwa zingeliwa sawasawa. Haziliwi sawasawa.

#23 Kamba Mwitu
Sikusema sababu kuu. Nasema mnausahau kwa vile hamuuoni.

#24 Mwanamke wa Ushongo
Hodi. Nipo Pangani, naona hakuna aliyeitaja Maziwe.

Wazee wetu wanaikumbuka Maziwe ikiwa kisiwa chenye miti, watu wanalala huko kuvua. Kilikuwa sehemu kubwa kabisa ya kasa kutagia katika nchi hii. Miti ikakatwa, mivinje na mingine. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 kisiwa kinazama maji yakijaa. Leo ni fungu la mchanga, unalikuta maji yakipwa, watalii wanashuka kupiga picha, maji yakianza kupanda wanakimbilia boti. Na kasa wengine bado wanakwenda kutaga palepale! Mayai yakiachwa yanafunikwa na maji, kwa hiyo yanafukuliwa kwa uangalifu na kuhamishiwa kwenye viota ufukweni Ushongo.

Kwetu ukiuliza utaambiwa walikata miti, basi.

#25 Vipimo Tu
Maziwe wenyewe wasomi hawajakubaliana. Ukataji miti upo, lakini visiwa vya mchanga vilivyokaa juu ya mwamba vinahama, vinakua, vinakufa. Inawezekana mivinje ilikuwa imeshikilia kitu kilichokuwa tayari kinaondoka.

#26 Mwanamke wa Ushongo
Kilikuwa hakijaondoka mpaka walipolishika shoka, kaka. Sadfa gani hiyo?

#27 Mzee Kifimbo
Mivinje nayo si ya kuitegemea. Mizizi yake iko juu juu. Wimbi likichimba chini linalala lote na bonge la udongo, linaacha shimo kubwa kuliko lilivyolikuta. Nimeuona mvinje umeanguka ukabeba na uzio wa mtu.

#28 Mswahili wa Malindi
Jamani watani, sisi huku shida yetu ni kinyume. Malindi mjini bahari yaenda mbali, mchanga wazidi. Hoteli za zamani zilizokuwa zatazama maji sasa mgeni atembea kwa miguu mpaka achoke ndipo aroweke kidole. Ni mto Sabaki huo, washuka na udongo kutoka bara. Kule juu misitu imekatwa, mashamba yamelimwa mpaka kingoni, mvua ikipiga bahari yawa nyekundu kama chai. Hifadhi yetu ya bahari, Malindi na Watamu ni ya tangu 1968, matumbawe yafunikwa na tope.

Kwa hivyo huyo dada wa mito nampa haki yake. Mto ukikatwa mchanga waliwa, ukizidishwa udongo wazikwa.

#29 Dada wa Tegeta
Karibu sana Malindi. Nipimie tipa mbili utume huku.

#30 Mswahili wa Malindi
Nina hofu na yule wa #4, atazigeuza njiani.

#31 Tipa Bila Breki
Nimesoma. Nimenyamaza kwa heshima ya wageni.

#32 Mkoa wa Kusini
Kwa hoja hiyo ya mito, mto Rufiji itakuwaje sasa? Bwawa la Nyerere kwenye mto huo lilianza kujazwa Desemba 2022. Udongo unaobaki bwawani haufiki delta, na delta ile ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki. Kamba wa Rufiji na wavuvi wa Mafia wanategemea huko. Labda na Kunduchi itaumia zaidi.

#33 Nahodha wa Kusi
Kunduchi iache. Rufiji iko mbali kusini, mchanga wake hauvuki rasi zote hizo kuja kuokoa beach ya Mbezi. Swali la delta ni la maana, lifungulie uzi wake. Kenya wana mabwawa mto Tana tangu zamani, na Kipini pale mdomoni bahari imekula mji. Wengine wanasema ni mabwawa, wengine wanasema mto wenyewe huhama mdomo.

#34 Mkoa wa Kusini
Nitafungua. Msije mkaniuliza tena mchawi nani.

#35 Wakili wa Kijiweni
Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu za binadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Ukiwaondoa waliojenga ndani ya mita 60, nusu ya ugomvi huu umekwisha. Ufukwe ungekuwa na nafasi ya kupumua, unakwenda na kurudi bila kugonga zege la mtu.

#36 Mtoto wa Mtongani
Mkuu, mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Maana mzee wangu wa kisima alijenga mbali na maji, bahari ndiyo iliyomfuata. Leo akipimwa ni mvunja sheria.

#37 Wakili wa Kijiweni
Swali zuri. Consultation fee kwanza.

#38 Kiti cha Mbele
Kakimbia kesi 😂😂

#39 Zege la Kudumu
Mimi ni fundi, natetea ukuta. Angalieni Barack Obama Drive, ile Ocean Road yetu. Barabara ilikuwa inamegeka, wakajenga ukuta wa kilomita 8, mpaka leo imetulia, watu wanapiga picha za harusi.

#40 Afisa Mstaafu
Mita 820, si kilomita 8. Na mwingine wa mita 500 Kigamboni, pale Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Zilikamilika 2018 kwa fedha za mradi wa kuhimili tabianchi.

#41 Zege la Kudumu
Hata ikiwa mita 820, imetulia.

#42 Binti wa Dikoni
Imetulia kwa sababu pale kuna barabara ya kuokoa na hakuna diko. Sawa kabisa, barabara iokolewe. Lakini usichukue mchoro wa Ocean Road ukauleta Kunduchi ukasema mmetusaidia. Kwetu wakijenga, waache njia za ngalawa kupanda. Siyo ngazi za kupigia picha, namaanisha mteremko wa mchanga wenye upana wa kugeuza ngalawa na matengo yake, zile mbao za pembeni. Hilo linatakiwa kusemwa mapema, mkandarasi akishamwaga jiwe hakusikii.

#43 Zege la Kudumu
Hilo linachoreka, dada. Tatizo mteja anayelipa si mwenye ngalawa.

#44 Mpanda Mikoko
Nashangaa hakuna aliyesema mikoko. Tupande tu. Kila mwaka tunapanda na wanafunzi, miche kibao.

#45 Mzee Kifimbo
Na kila mwaka mnapanda palepale. Ulishajiuliza kwa nini nafasi haijai?

#46 Mwana wa Wete
Hahahaa Mzee Kifimbo kamaliza.

Sikilizeni. Watu wakisikia kupanda mikoko wanabeba vijiti vya mkoko wenyewe kwa sababu mbegu yake ndefu, rahisi kuchomeka. Wanauchomeka mbele kabisa kwenye mchanga mweupe unaopigwa wimbi. Bamvua la kwanza unang'oka. Mikoko ina aina zake. Kwenye tope, mbele kabisa hukaa mlilana, mkoko unafuata nyuma yake, mkandaa na mchu wana sehemu zao. Kwenye ufukwe wa mchanga ulio wazi kama wa Kunduchi, hata ungekuwa mlilana hautashika. Kwa mikoko nendeni kwenye mdomo wa mto, kwenye tope.

#47 Mpanda Mikoko
Asante kwa elimu. Lakini picha huwa zinatoka vizuri ufukweni.

#48 Mswahili wa Malindi
Kwale, Gazi, wana mradi waitwa Mikoko Pamoja, tangu 2013. Walinda hekta 117 hivi, wauza hewa ya kaboni, pesa yaingia maji ya kijiji na shule. Kazi kubwa yao ni kulinda msitu uliokuwepo, kupanda ni sehemu ndogo tu. Na Vanga nao wakafuata.

#49 Tipa Bila Breki
Hewa inauzwa na mchanga unakatazwa. Haya.

#50 Mtoto wa Mtongani
Shukrani wakuu. Mpaka sasa wachawi ni: tipa, kuta za hoteli, bahari, baruti, joto la 1998 na shoka la Maziwe. Nikienda serikali ya mtaa niseme lipi? Kuna kikao wiki ijayo, kuna mtu anataka kujenga ukuta mwingine kusini ya diko na anasema ni kwa faida ya wote.

#51 Nahodha wa Kusi
Kusini ya diko?? Basi diko ndilo litakaloliwa. Muulize akijenga mchanga wa kaskazini yake utatoka wapi, ajibu mbele ya kikao.

Jambo jingine. Atawaletea picha. Kuna sehemu zinanenepa kaskazi na kukonda kusi, na nyingine kinyume chake. Akijenga msimu ambao mchanga unarudi wenyewe, miezi miwili baadaye atawaonyesha ufukwe mpana aseme ukuta wake umeleta. Mwambieni picha zipigwe sehemu ileile, bamvua kwa bamvua, msimu kwa msimu.

#52 Dada wa Tegeta
Na mtoni je? Kikao kikishamaliza cha ukuta mtashuka na Tegeta?

#53 Vipimo Tu
Hapo nakubaliana na Nahodha, na kwa mara ya kwanza na Dada. Ila picha ziwe na kitu kisichohama. Pete za kile kisima zinafaa sana.

#54 Binti wa Dikoni
Kikao siku gani na saa ngapi? Wakiweka saa nane mchana wamama wako kwenye mafuta, hawatakuja, halafu itaandikwa jamii imeshirikishwa.

#55 Mtoto wa Mtongani
Jumanne, saa nane mchana.

#56 Binti wa Dikoni
Si nilisema. Nitumie namba ya mtendaji PM.